Mifano ya Kweli Mbele ya Madam

Jamani, wiki jana nilijichongea mwenyewe, tena mbele ya watoto.

Ninafundisha Kiingereza katika shule moja hapa Kisegi, kwa mkataba wa muda. Wanafunzi walikuwa wakibahatisha kihusishi cha kufuata kivumishi, nikawaambia wasivitenganishe. "Vishikeni pamoja: tired of, interested in, bored with. Kisha tungeni sentensi ya kweli, maana ukweli hausahauliki." Mifano ya kweli niliyokuwa nayo ni ya maisha yangu, basi nikaimwaga bila breki muhula mzima.

Jumanne Madam, mwalimu wetu mkuu, akaja kuketi nyuma ya darasa ili aamue kama nitaongezewa mkataba. Niliangusha chaki, nikaiokota, ikaanguka tena. Nikawageukia wanafunzi.

"Msiogope, watoto wangu. Nipeni zile sentensi zetu."

Atieno akasimama. "Our teacher is tired of Kisegi."

Sarufi safi kabisa! Kwa mazoea nikasema, "Vizuri sana!" kabla masikio hayajaniambia nimesikia nini.

Otieno akadakia, "Our teacher is interested in a job in Homa Bay."

"Kaa chini, omera, ndugu yangu, inatosha."

"Lakini mwalimu, bado ile ya bored with!"

Madam akavua miwani. "Mwache amalize, mwalimu. Hata mimi niko hapa kujifunza."

Otieno akamgeukia kwa heshima zote. "Our teacher is bored with your meetings, Madam."