Gesi ya Kuku Ziwani

Niliogelea juu ya gesi ya kupikia, ndiyo ujinga wenyewe. Shuleni upepo ukileta harufu ya mavi ya kuku, wenzangu wanaziba pua. Miye navuta hadi mbavu zinauma: ni harufu ya shati la baba.

Baba alichanganya mavi ya kuku na maji ndani ya pipa, akalifunga kabisa. Gesi ikawa inapanda polepole kwenye bomba na kujaza mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Ulipovimba vizuri, akaenda kuita majirani waje waone moto wa kwanza. Lakini mtoto wa Uvira akiona mpira kama huo, anawaza kuogelea tu. Nikauchomoa, nikautia kizibo, nikaubiringisha hadi ziwani. Kwenye mawimbi kizibo kikafyatuka, ziwa likajamba, wenzangu wakakimbilia mchangani: "Weye umeoza!"

Nilirudi na mpira umelegea shingoni. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria ya maharagwe, kiberiti mkononi, majirani wamemzunguka. Aliniangalia, akaangalia mpira, akacheka hadi akakaa chini.

Mama akamwambia: "Cheka tu, baba watoto. Maharagwe yako iko mabichi, mtoto wako amepeleka moto kuoga."