Mtaa Uliopendeza Kupita Kiasi

Fundi Msasa hakuwa mtu wa kunyamaza. Akipaka ukuta, ukuta ulisikia habari zote za mtaa, na akimaliza alirudi nyuma hatua chache, akashika kiuno, akaupongeza kwa sauti kana kwamba ukuta ndio uliofanya kazi. Jina la Msasa alipewa kwa sababu alijigamba kwamba hapaki rangi kitu chochote kabla ya kukisugua kikalainika kama shavu la mtoto mchanga. Alikuwa mpaka rangi hodari kuliko wote mtaani. Hukuhitaji kumuuliza mtu ili ulijue hilo, maana angekuambia mwenyewe kabla hujamaliza salamu.

Kazi haikumpiga chenga. Mtaa wao ulikuwa bondeni, chini ya barabara kuu, na kila msimu wa mvua kubwa maji ya mji mzima yalishuka kuwatembelea bila kupiga hodi. Mtaro uliokuwapo ulikuwa mwembamba, umechimbwa zamani wakati nyumba za hapo zilikuwa chache. Maji yalijaa, yakaingia sebuleni, yakajikalia kama wageni wasio na nauli ya kurudi, kisha yakaondoka yakiacha mstari wa kahawia ukutani usawa wa kiuno. Hapo ndipo Fundi Msasa alipoitwa. Alipaka, akapuliza filimbi, na wiki mbili baadaye ungeapa nyumba ile haijawahi kuona hata tone.

Mke wake, Mama Pacha, alisuka nywele katika chumba cha mbele. Mvua zilikuwa zimemlia draya, viti na makatoni ya nywele za bandia, na kila mara alianza upya. Mwaka huo alikuwa anamchana mteja mmoja aliposema, bila kugeuka:

"Baba Pacha, mimi nimechoka kuvifukuza viti vyangu vikielea. Mtaro usipojengwa kabla ya mvua, nachukua watoto nahamia kwa dada kule mlimani. Wewe utabaki na kuta zako."

Alisema taratibu. Mama Pacha akifoka, mambo huisha kabla chakula hakijaiva. Akisema taratibu, jua amekwisha kukata shauri. Mteja kitini alikodoa macho mbele, amebana pumzi, akiomba Mungu asigeuzwe shahidi.

"Mtaro utajengwa, mke wangu," alijibu. Alimpenda mke wake yule, na nyumba bila yeye hakuweza hata kuiwazia.

Bahati ilikuwa kwamba halmashauri ya jiji ilikuwa imetenga fungu la kupunguza mafuriko. Halikupita kirahisi. Baadhi ya madiwani walilimezea mate wakitaka liende kwenye taa za barabarani, na ubishi ulikuwa mkali hadi maji ya kunywa yakamwagika mezani. Mwishowe walikubaliana kwamba fedha zilizopo zingetosha kujenga mtaro mpya katika mtaa mmoja tu kabla ya mvua. Mitaa mitatu iliomba. Kwa hiyo mhandisi wa mitaro na mhasibu wa jiji wangepita kila mtaa, wajionee kwa macho, kisha wapeleke neno barazani.

Diwani wa mtaa wao aliita mkutano. "Wageni wa heshima wanakuja," alisema. "Jamani, tusiaibishane."

Alichomaanisha maskini diwani ni kwamba watu wasimtukane mhasibu. Lakini mtaa ule ulielewa ulivyoelewa. Mgeni akija si unafagia? Si unatandika? Nani hapa duniani anampokea mgeni kwa tope?

Basi zikaanza siku za raha zisizosemeka. Fundi Msasa alitoa makopo yote ya rangi yaliyobaki stoo, akayachanganya na chokaa, akaenda nyumba moja baada ya nyingine akiimba. Mshona nguo wa jirani alitundika mapazia mapya kila dirisha. Viroba vya mchanga, vile walivyozibia milango maji yakija, vilifichwa nyuma ya vyoo. Palipobomoka mtaro waliweka makopo ya maua. Hata mbwa wa mlinzi aliogeshwa, jambo ambalo hakulisamehe. Siku ya ugeni ilipofika, mtaa uling'aa hadi watu wenyewe walitembea kwa adabu, wakiogopa kuuchafua.

Gari likafika asubuhi. Mhandisi alikuwa mama mfupi mwenye buti na kicheko cha karibu. Mhasibu alikuwa mrefu, shati jeupe pe, na akishuka tu alishika kifua.

"Lo! Mtaa gani huu? Hongereni sana! Mimi natamani kuhamia hapa."

Watu wakapiga makofi. Fundi Msasa alivimba kichwa, akamkonyeza mkewe aliyesimama mlangoni. Mke hakukonyeza.

"Haya," mhasibu akaendelea, "maji huwa yanafika wapi?"

"Hapa!" walipaza sauti pamoja, kila mtu akionyesha ukuta wake.

Mhasibu akainama. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Kilikuwa safi. "Hapa wapi?"

"Hapo hapo, mheshimiwa! Usawa wa kiuno!"

"Kifua!" alisahihisha mmoja.

"Mimi nilielea juu ya godoro hadi barabarani," alisema mshona nguo.

"Huko tulikotoka nao walielea," mhasibu alijibu kwa upole. "Kila mtaa una mtu aliyeelea."

Mhandisi alimvuta pembeni akamwonyesha jinsi barabara ilivyoinamia bondeni. "Ukitazama mteremko, maji hayana pengine pa kwenda."

"Mimi mteremko naukubali, dada yangu. Lakini kesho nitasimama mbele ya watu wanaotaka taa zao, na watauliza nimeona nini. Niwaambie nini? Kwamba nimeona maua?"

Hapo mtaa mzima ukapigwa na butwaa. Walitazamana, wakatazama kuta, na polepole macho yote yakaelekea kwa Fundi Msasa. Ndipo na yeye akaelewa. Amefuta kila kitu! Kwa mikono yake mwenyewe, tena bure, tena akiimba, amefuta ushahidi wote wa mafuriko kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Mhasibu alikwisha fungua mlango wa gari. Mama Pacha akamtazama mume wake mara moja, bila hasira, kisha akageuka akaingia ndani. Fundi Msasa angependa zaidi kama angerushiwa kopo.

"Simama, mheshimiwa!" alipiga ukelele, akikimbia na ndara moja. "Simama! Mwongo ni mimi!"

Alichomoa kipande cha msasa mfukoni, akarukia ukuta wa nyumba yake, ule wa mbele, ambao alikuwa akiusifu tangu asubuhi, akaanza kuusugua kama mtu aliyeingiwa na siafu. Watu waliguna. Nyeupe ikatoka kwa vumbi. Chini yake kukawa na kijani, na juu ya kijani, wazi kabisa, mstari wa tope.

"Huu ni wa mwaka jana!" alisema akihema. Akasugua tena. Kijani kikaondoka, ikatokea pinki, na kwenye pinki mstari mwingine, juu zaidi. "Huu wa mwaka juzi, pinki alichagua mama watoto!" Akazidi kusugua, ikatokea bluu. "Na huu! Huu pacha walikuwa wachanga. Nilimweka mmoja bega hili na mwingine bega hili, nikasimama juu ya kabati hadi asubuhi, mheshimiwa, na kabati lenyewe lilikuwa la mkopo!"

Mhandisi akasogea karibu, akauliza swali ambalo Fundi Msasa aliliogopa kuliko yote. "Fundi, mbona tope limebaki chini ya rangi? Si husugua kwanza?"

Fundi Msasa akaushusha mkono wenye msasa. Mlangoni mke wake alikuwa amejitokeza tena, na akilini mwake hakukuwa na sifa yoyote duniani yenye thamani kuliko mwanamke yule kubaki pale.

"Kwangu sijawahi kusugua hata siku moja," alisema. "Nilikuwa na kazi nyingi za watu. Nilipaka juu ya tope hivyo hivyo."

"Kumbe!" alisema Mama Pacha.

"Na kwangu?" aliuliza mshona nguo, sauti imepanda.

"Kwako, dada yangu… kwako nilisugua kidogo. Upande wa mlangoni."

Mshona nguo hakungoja ufafanuzi. Alichukua kijiko, akaukwangua ukuta wake, na tope la miaka likajitokeza. "Upo! Mstari huu hapa! Msasa, wewe ni jambazi!" Lakini alikuwa anacheka, maana tapeli wao alikuwa amewaokoa. Kila mtu akakimbilia ukuta wake na alichokipata, vifuniko vya sufuria, visu butu, sarafu, wakikwangua na kupiga vigelegele. "Kwangu pia!" "Njooni muone huku, mheshimiwa, kwangu kuna mitatu!" Watu walishindana nani ametapeliwa zaidi. Viroba vya mchanga vilitolewa mafichoni kwa shangwe, maua yakaondolewa, mtaro uliobomoka ukaonekana na ubaya wake wote. Mhandisi alicheka hadi akakaa chini. Mhasibu alipiga picha ukuta hadi ukuta, vumbi la rangi likamwangukia, shati jeupe likawa kijani mgongoni na pinki tumboni. Alipoingia garini alikuwa anajifuta machozi.

"Nitawaambia nimeona," alisema. "Na shati nitaenda nalo hili hili."

Nasikia alikwenda nalo kweli. Diwani alipopiga simu kusema kura zimetosha na fungu limekuja kwao, alisikika nusu tu, nusu nyingine ilimezwa na kelele. Fundi Msasa alimbeba Mama Pacha akamzungusha barabarani hadi wote wawili wakayumba. Baadaye alilipa deni lake: alirudia kila nyumba, akasugua safari hii, chini ya usimamizi wa mshona nguo, aliyeweka kiti akakaa kabisa.

Zikaja mashine, yakaja makalavati makubwa ambayo mtu mzima angepita ameinama kidogo tu, na mtaro mpya ukachimbwa kutoka juu barabarani hadi mtoni, ukafunikwa kwa zege. Mtu mmoja alimuuliza fundi atakula nini sasa ikiwa kuta hazichafuki. Alijibu kwamba atapaka rangi shule, hospitali, hata jiji lote ikibidi, na kwamba swali hilo aulizwe mtu mwenye shida.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana. Ilipiga mabati kwa nguvu hadi watu wakaongea kwa ishara. Fundi Msasa alikimbia kutoka kazini, ameloa chapachapa, akapita majirani waliokuwa wamesimama mvuani wakipiga kelele za furaha na kuangalia maji yakiporomoka kwenye matundu ya mtaro, yakipita chini ya miguu yao, yakienda zake. Akafika mlangoni kwake.

Mama Pacha alikuwa anasuka. Mteja kitini, draya sakafuni, makatoni ya nywele sakafuni, pacha wamelala tumbo chini hapo hapo sakafuni wakichora. Mama Pacha hakuwa amenyanyua hata kitana kutoka sakafuni. Sakafu ilikuwa kavu.

"Funga mlango, upepo unampata mteja," alisema.

Akafunga. Akabaki amesimama, anatiririka maji. Mkewe alisuka mkia mmoja hadi mwisho, akaufunga, ndipo akainua macho.

"Baba Pacha."

"Naam, mama."

"Nataka zulia," alisema. "Lile la manyoya marefu. La kuzamisha vidole."