Punje Ndani ya Kochi

Mtaani walimwita Sponji, na hakuwahi kulalamika. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi: kuchana kitambaa kilichochakaa, kubadilisha springi zilizochoka, kujaza sponji mpya na kupigilia pini mpaka kochi la kutupwa lionekane limetoka dukani jana. Karakana yake ilikuwa sebule ya mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kutoka kazini hadi jikoni palikuwa na korido moja tu, na tumbo lake lilikuwa shahidi. Mkewe akimkuta amejinyoosha kwenye kochi la mteja, macho kayafumba, alijibiwa bila aibu: "Napima springi."

Mke alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke wa amri fupi. Walikuwa na binti mmoja wa shule ya msingi, na pia waliishi na mama mzazi wa mke, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Sponji alimheshimu mama mkwe wake kupita kiasi, heshima iliyofanana sana na woga. Kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo, mama," na "Marahaba, baba," na hapo mazungumzo yalikwisha mpaka kesho yake.

Siku moja shemeji yake akawaletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. "Mama yake ni mkubwa kama ndama," alisema, lakini nani alimsikia? Wote walikuwa wameinamia kikapu wakisema jamani, jamani. Binti alimpa jina la Punje, kwa udogo wake.

Jina lilimbana mapema. Miguu ndiyo iliyotangulia kukua, mikubwa kama ya kuazima, yakafuata masikio, tumbo nalo halikungoja zamu. Akikimbia koridoni, nusu yake ya mbele ilikuwa imeshafika jikoni wakati ya nyuma bado inahangaika na kona. Na alikuwa na namna yake ya kutazama kwa pembeni, jicho la mtu ambaye hajala tangu azaliwe. Kwa hiyo akala. Alikula asubuhi, akala watu wakila, akala watu wakiosha vyombo.

Mke alipoona mbwa anapanda kizingiti cha mlango kwa kujiviringisha, alimpeleka kwa daktari wa mifugo, familia nzima nyuma yake. Daktari alimpapasa Punje ubavuni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo chini ya godoro.

"Mbavu zipo," alisema hatimaye, "ila ziko mbali. Sikilizeni. Huyu ni mbwa wa aina kubwa, na mbwa wa namna hii hatakiwi kuharakishwa. Akinenepa sasa hivi, mifupa inabeba mzigo kabla haijakomaa, viungo vinaharibika. Chakula kipimwe kwa kikombe, agawiwe mara tatu kwa siku, basi. Na atembezwe, lakini matembezi mafupi, ya polepole. Asikimbizwe kwenye lami, asipandishwe ngazi. Akichoka akakaa, mwacheni akae."

"Matembezi mafupi, ya polepole," mke alirudia, akamgeukia mumewe. "Baba, kazi hii umeumbiwa wewe."

Sponji akakosa pa kukimbilia. Tangu siku hiyo, kila jioni alionekana mtaani ameshika kamba, na Punje upande wa pili wa kamba akiwa na mawazo yake. Wakifika mbele ya kinyozi, Punje alilala katikati ya njia, chali, miguu juu. Sponji hakuweza kumnyanyua. Alibaki amesimama pale, akijifanya anasoma bei za kunyoa.

"Fundi, leo nani anamtembeza mwenzake?" kinyozi aliuliza.

"Daktari kasema akikaa aachwe."

"Kasema na wewe uachwe?"

Ajabu ni kwamba mbwa hakupungua hata kidogo. Kikombe kilipimwa, matembezi yalifanyika, na bado tumbo lilizidi kung'aa. Mke aliwakusanya wote, akawahoji mmoja mmoja. Binti alikana. Sponji alikana. Mama mkwe hakuulizwa, nani angethubutu?

Wakati huo Sponji alikuwa anamalizia kochi la kukalia mtu mmoja, la mwalimu mkuu wa shule ya binti yake, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aliyetaka kiti chenye vigurudumu ili akisogeze dirishani bila kuita mtu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitambaa cha chini, ambacho kilikuwa hakijapigiliwa. Punje alikuwa amegundua kwamba tumbo la kochi lina kivuli kizuri, na mchana alizoea kutambaa humo kulala. Sponji alijua, ila siku ile mteja alifika ghafla, na presha ya kusifu kitambaa ikamsahaulisha.

"Kaa, mwalimu, lijaribu mwenyewe."

Mwalimu mkuu akaketi, mkoba mapajani. Kochi likaguna.

"Springi mpya hizo," Sponji alisema upesi. "Bado zinazoeana."

Kochi likapiga chafya. Mwalimu alimtazama fundi, fundi akatazama dari. Na hapohapo, kutoka jikoni, ikasikika sauti ndogo sana: ganda la yai likigongwa ukingoni mwa sahani.

Kochi likaondoka.

Vigurudumu vilikuwa vimetiwa mafuta asubuhi ileile, na sakafu ilikuwa ya saruji laini. Mwalimu mkuu alipita mlangoni ameketi wima, akaingia koridoni, akapita mbele ya binti aliyekuwa akifanya kazi za shule, binti akasimama na kumwamkia. Sponji alikuwa nyuma akiita, "Punje! Punje, shuka!" jambo lisilosaidia, kwa kuwa aliyekuwa juu si Punje. Safari iliishia jikoni, magotini mwa mama mkwe, ambaye alikuwa ameinama na yai lililomenywa mkononi. Kutoka chini ya kochi ulitokeza ulimi mpana, ukalichukua yai, ukarudi ndani.

Mwalimu mkuu alirekebisha miwani.

"Fundi, sikumbuki kuagiza linalokula."

Ilibidi Sponji achane kazi yake mwenyewe kumtoa mbwa, kwa sababu aliingia mdogo na kushiba humohumo. Mke aliporudi kutoka kazini, kesi ilikuwa wazi.

"Ni mayai mawili tu," mama mkwe alisema kwa hadhi. "Na mkate. Mtoto ananitazama."

Binti naye akalia, akataja soseji zake. Sponji akataja ngozi za kuku. Wote wakamgeukia mke, akaangalia ukutani. "Jibini," alisema. "Kidogo."

Basi mama mkwe akakabidhiwa kikombe, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwani aliyepewa cheo hakucheza nacho. Alipima chakula akikisawazisha kwa kisu, na yeyote aliyepita karibu na bakuli alipekuliwa mifuko. Baada ya muda daktari alimpapasa Punje akazipata mbavu mara moja. Mwalimu mkuu naye alichukua kochi lake, ila aliomba liletwe likiwa limegeuzwa juu chini, ili alikague.

Mama mkwe alisema hawezi kupima chakula bila kujua kinaishia wapi, akaanza kwenda nao matembezini. Siku za mwanzo hawakusemeshana. Kisha, mbele ya kinyozi, Punje akiwa amelala njiani mrefu kama benchi, mama mkwe alianza kumsimulia Sponji habari za marehemu mumewe, aliyeogopa paka. Sponji alicheka mpaka akashika mti. Mama mkwe naye akacheka.

"Mvute basi, mwanangu, giza linaingia."

"Nimevuta, mama. Haendi."

Mama mkwe aliupangusa ukuta mfupi wa kinyozi kwa kiganja, akaketi, akamwonyesha mkwewe nafasi pembeni yake.