Sabuni ya Bure

Kila nikifungua pakiti ya sabuni ya unga, harufu ile ya maua yasiyoota popote hunirudisha mtaani kwetu Buzuruga, barabarani, miguu peku, nikicheza.

Lilikuwa limekuja gari la matangazo lenye spika mbili juu. Siku hizo bidhaa mpya zilikuwa zinaingia mjini kila wiki, na gari lile lilikuwa linarusha vipakiti vya sabuni. Nilidaka viwili. Muziki ulikuwa wa haraka, nami nilikata kiuno na wenzangu kama mwehu.

Kisha kwenye spika mwanamke akaanza kuimba, wenzake wakimwitikia, wakisifia povu, na mwili wangu ukagoma. Maneno yalikuwa mapya, lakini wimbo ule niliujua. Baba, mwalimu wa muziki na mtunzi wa kwaya yetu, aliutunga mama alipofariki. Tuliuimba tukimshusha kaburini.

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama mlangoni, vidole vyeupe kwa chaki.

Jirani akamwuliza taratibu, “Mwalimu, huo si wimbo wa mazishi ya mama yake huyu?”

“Ndio wenyewe.”

Gari lilipokata kona, baba akaongeza, “Sauti ya pili wameikosea.”

Akaninyooshea mkono. Nikampa vipakiti vyote viwili, nikidhani atavitupa. Akavitia mfukoni.

Jumamosi nilikikuta kitenge cha mama kimeanikwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amekifua. Tangu msiba tulikuwa hatujakigusa kwa maji, maana kilikuwa bado kina harufu yake.

Nilikivuta usoni. Kilinukia maua.