Nikandeni Mimi

Mdogo wangu aliondolewa kizazi kwa ugonjwa, basi nikambebea mimba. Mbegu yake na ya mumewe, tumbo langu. Jirani yangu mmoja hapa Kirumba akaniambia eti mimi ni chumba cha kupanga tu, mpangaji akihama nafagia. Nikamwambia chumba hakitapiki asubuhi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye wa kwangu hakumjua hata mmoja.

Nikajifungua salama. Mtoto akapelekwa Buswelu kwa wazazi wake, kama tulivyokubaliana. Nilichosubiri ni kukandwa. Kwetu mwanamke akizaa, wakubwa wanakuja na uji na maji ya moto, wanamkanda tumbo na mgongo mpaka apige kelele. Mama yetu alishafariki, kwa hiyo nilimtegemea mama mkwe wa mdogo wangu, aliyetoka Kisesa kwa kazi hiyo. Kimya. Nikapiga simu, mdogo wangu akapokea huku anaugulia.

"Dada, wananikanda."

"Wanakukanda nini?"

"Tumbo."

Loo! Nikajifunga kanga tumboni, nikapanda bajaji, kila shimo la barabarani nikilitukana.

Nikamkuta kitandani, mtu hajazaa, mama mkwe anamkandamiza kwa taulo la moto. Mtoto kalala pembeni. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mama, huyo haumwi popote. Nikandeni mimi."

"Anayekandwa ni mwenye mtoto. Wewe wa kwako yuko wapi?"

"Sina mtoto. Nimezaa."

Akaniambia nisilete vurugu, wageni watauliza mama ni nani.

"Waulize! Mama ni huyu, sijaja kumdai mtu mtoto. Lakini kuzaa nimezaa mimi, na hilo simwachii yeyote, hata mdogo wangu. Thubutu!"

Mdogo wangu akainuka, ngozi ya tumbo imeiva kwa moto, maskini, akanipisha. "Lala, dada."

Nikalala. Hapo hapo mtoto akaanza kulia. Maziwa yakanitoka, gauni likalowa, na wote wawili wakanikazia macho, wakisubiri ninyooshe mikono. Iliniuma. Sidanganyi, iliniuma kuliko kuzaa kwenyewe.

"Mchukue mwanao," nikamwambia mdogo wangu. Kisha nikafungua kanga. "Na wewe mama, kanda. Maji yanapoa."