Kura ya Kuni

Katungu alitaka kuwa présidente wa banafunzi, na alitaka kweli, hapana mchezo. Kila mwaka, pale chuo kikuu kimoja cha Butembo, bavijana balikuwa banabapatia basichana "affaires sociales," maana yake: pika chai, fagia salle, imba. Mwaka ule akaapa: sasa miye njo nitakaa ku bureau, mupinzani wangu Phinées njo atapika chai.

Shida ilikuwa basoda, njo baaskari. Bale balioshika mji balikuwa bamekataza mikutano yote. Ukikamatwa ku barrière yao ya barabarani na karatasi ya kura mu mufuko, utakula fimbo. Vitu viwili tu habakugusa: ibada na matanga.

"Donc tukae matanga," Katungu akasema.

"Nani amekufa?" akauliza Phinées, kijana wa maneno mingi na viatu vya kung'aa.

"Koko yangu Syauswa."

"Si alikufa zamani, kule Beni?"

"Na matanga yake haiyakaliwa mpaka leo. Barabara ilikuwa imefungwa."

Hapo hakusema uongo. Koko Jokébed, nyanya yake Katungu na mujane wa Syauswa, alikuwa anaomba matanga ile tangu bwana yake azikwe mbali, yeye hata udongo hakutupa. Kila akiomba, Katungu alijibu: "Vita ikiisha, Koko." Sasa aliposema mwenyewe, "Koko, tukae matanga yako," mama muzee akamubariki mpaka akaona haya. Haya kidogo tu. Kura ilikuwa karibu.

Kwetu mutu haendi ku kilio mikono mitupu, anabeba kuni. Njo ujanja wenyewe: kila mwanafunzi alete kuni moja. Anayemutaka Katungu aiweke karibu na jikoni. Anayemutaka Phinées, pale mulangoni mwa lupango, kiwanja cha nyumba. Basoda bataona kuni, habataona kura.

Siku ile, kule Kimemi, mutaa wa Koko, banafunzi bakapita ku barrière na kuni ku bega, nyuso zimekunjwa kwa huzuni ya kuazima. Soda mumoja hata akabapa pole. Saa ya bugali, rundo la jikoni lilikuwa limelipita lile la mulangoni mbali sana, na Katungu alikuwa anakoroga maharagwe huku anacheka peke yake.

Mais alisahau bamama ba Kimemi. Nani alibaita? Hakuna, matanga haina mwaliko. Bakasikia nyimbo, bakafunga kuni, bakaja na mizigo mugongoni, kamba ku paji la uso. Na mutu mwenye muzigo muzito anautua wapi? Pale pale mulangoni. Pwaa! Pwaa! Rundo la Phinées likapita ua kwa urefu.

"Bamama banajua kuchagua," Phinées akasema, akajishika mbavu.

Katungu akamukimbilia mama mumoja. "Mama, tafazali, hamisha kuni yako, peleka jikoni."

"Kuni ya mufu inahamishwa? Weye ni mutoto wa nani?"

Ndipo Koko akatoka nje. Akaona rundo lile, akashika kichwa. "Syauswa! Syauswa yangu, ona! Nilisema batu bamekusahau!" Akalia kilio alichokuwa amekifunga miaka yote, na bamama bakalia naye. Phinées akaacha kucheka.

Katungu akabaki na mwiko mukononi. Angeweza kusema kama kuni za banafunzi ni kura tu, za bamama hazihesabiwe, lakini Koko angesikia. Moyo ulimuuma, uroho pia ulimuuma, na uroho ule ulikuwa na nguvu, tusidanganyane. Kisha akatupa mwiko, akajaza mikono kuni za jikoni, akaanza kuzipeleka mulangoni.

"Katungu! Unapoteza kura!" rafiki yake Hadassa akamunongoneza.

"Nyamaza, beba."

Bakazibeba zote, mpaka ikawa rundo moja tu, la Syauswa.

Jioni Koko, macho yamevimba lakini amechangamuka, akaona banafunzi bamemuzunguka Phinées nyuma ya nyumba.

"Ule kijana banamushika mukono ni nani?"

"Ni président wetu, Koko."

"Haa! Nani alimuchagua?"

"Ni weye, Koko," Katungu akasema, akamuongezea bugali.