Mjomba Cuthbert na Mnada Usio na Watu

Kwa misimu ishirini na miwili, korosho za Chiungutwa hazikuuzwa mpaka Mzee Cuthbert akohoe. Alikuwa karani wa chama cha msingi, na siku ya mnada alisimama juu ya kreti mbele ya ghala, kavaa koti la kijivu alilorithi kwa baba yake, akafungua barua za wanunuzi moja baada ya nyingine. Alikohoa mara moja, kisha akasoma bei kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wanapita barabarani na baiskeli zao. Bei ikipanda, akina mama walipiga vigelegele. Ikiwa ya kudhalilisha, wakulima walisimama wote wakasema, "Hatuuzi," na wanunuzi, waliokuja kutoka mjini na miwani nyeusi ili mtu asiyasome macho yao, walirudi kwenye magari yao vichwa chini. Huo ndio ulikuwa mnada. Mtu alisema, mtu akasikia, mtu akakataa.

Siku hizi mnada uko ndani ya kioo cha kompyuta. Namba zinatokea, namba zinapotea, na mkulima anapelekewa habari kama mtu aliyefiwa akiwa safarini. Cuthbert alipewa blanketi na cheti cha shukrani, akarudi kwa mkewe Lois kukohoa bila sababu.

Ndipo mpwa wake Loveness, mtoto wa dada yake, alipoanza kukaanga korosho, kuzifunga kwenye pakiti na kuziuza katika soko la mtandaoni. Kumbe katika soko hilo hata kuonekana kunagombaniwa. Ukitaka tangazo lako likae juu kabisa ya ukurasa pale mtu anapotafuta korosho, unaweka dau. Ukitaka likae chini ya bidhaa za watu wengine, ili anayezitazama alione na lako, unaweka dau jingine. Mwenye dau kubwa ndiye anayekaa, na kila mtu akilibofya tangazo lako, anunue asinunue, soko linakukata pesa. Kila asubuhi Loveness alikuwa akipandisha dau hapa na kulishusha pale, vidole vimejaa masizi, huku korosho zikiungua nyuma yake.

"Kwa hiyo ni mnada," Cuthbert alisema siku alipoelezwa.

"Ni mnada, Mjomba."

Kesho yake alikuja na koti.

Huku kwetu mjomba haambiwi arudi nyumbani. Watoto wa dada ni watoto wake, na neno lake ndilo la mwisho, au ndivyo ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kuomba ushauri kwenye simu. Loveness akampa kiti. Kila asubuhi mzee alikohoa, akasoma madau kwa sauti ya ghalani, kuku wakatawanyika, na mpwa wake akabonyeza alichotaka mwenyewe. Wote wawili waliridhika. Lois alisema mumewe ameacha hata kuulalamikia uji.

Kisha Loveness akaleta mtambo. Haukuwa na umbo. Ulikuwa programu ndani ya simu, itakayopandisha na kushusha madau yenyewe, usiku na mchana, kwa kufuata kanuni itakazoandikiwa. Mzee aliuliza nani atasoma. Akajibiwa kwamba hakuna haja ya kusoma. Aliuliza nani atakohoa. Loveness akainama kuchochea moto.

Aliona alichomfanyia mjomba. Kwa hiyo wiki iliyofuata, alipokuwa anakwenda Mkunya kwenye unyago wa binti wa dada yake, ambako simu hazitakiwi, alimwachia mjomba simu ya biashara na karatasi yenye kanuni mbili. Kazi yake ilikuwa kuziandika kwenye mtambo, basi. Ya kwanza ilisema: mahali watu wanaponunua, pandisha dau. Ya pili: mahali watu wanapobofya bila kununua, shusha dau.

Mzee aliisoma ya pili mara tatu. Shusha? Maisha yake yote neno hilo alilisikia kwenye midomo ya watu wa miwani nyeusi tu. Akaona mpwa wake kapotoshwa na watu wa mjini. Akachukua kalamu, akafuta neno moja, akaandika pandisha pote pawili. Kisha akauingizia mtambo kanuni hizo na kuufungulia.

Mtambo ni mtiifu kuliko mtoto yeyote wa siku hizi. Kufikia Jumatano tangazo la korosho za Loveness lilikaa juu ya kila ukurasa na chini ya kila bidhaa. Watu walilibofya kwa mshangao tu, hawakununua, na kwa kuwa hawakununua mtambo ukapandisha. Yunusi wa bodaboda alimsimamisha mzee njiani.

"Shikamoo babu. Nimetafuta tairi, nimeletewa korosho zenu. Nimetafuta kofia ngumu, korosho. Sasa naogopa kutafuta mchumba."

"Marahaba. Bei imepanda," mzee alisema, na kifua kikapanda nayo. Alikuwa hajapita katikati ya Chiungutwa hivyo tangu siku za kreti.

Ijumaa tangazo lilipotea kabisa. Bajeti ya matangazo ya mwezi mzima ilikuwa imeliwa kwa siku nne.

Loveness alirudi Jumapili, uso bado una unga wa sherehe. Aliitazama simu, akaitazama karatasi, akaliona neno lililofutwa. Mzee alikuwa ameshakohoa, tayari kupongezwa. Alimweleza kwamba bei ilipanda kuliko msimu wowote aliowahi kuusoma, na hakuna hata mnunuzi mmoja aliyethubutu kuishusha.

Loveness alikaa chini kwanza, maana mjomba haambiwi jambo kama hilo kwa kusimamiwa.

"Mjomba," alisema taratibu, "katika mnada huu kinachouzwa ni nafasi, na wanunuzi ni sisi."

Cuthbert alilivua koti, akaliweka magotini, akalitazama kama shahidi aliyebadili maneno.

"Sisi ndio wale?"

"Ndio wale."

Loveness aliirudisha kanuni ya pili kama alivyoiandika. Lakini akaongeza ya tatu, bila kuombwa: dau lisipite kikomo mpaka mjomba aulizwe. Mtambo ukitaka kupita, utatuma ujumbe kwenye simu ya mzee na kungoja.

Ujumbe wa kwanza ulichukua siku kumi na moja kufika, na siku zote hizo mzee alikuwa akikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi. Ulipofika alisimama, akakohoa, akausoma kwa sauti, kuku wakakimbia. Soko lilitaka zaidi. Alilitazama dau hilo kwa dharau aliyoifahamu vizuri, maana kwa miaka ishirini na miwili alitazamwa nayo.

"Hatununui," alisema, akabonyeza.

Kisha akamgeukia mpwa wake na kumwagiza, safari ijayo ya Masasi mjini, amletee miwani nyeusi.